Gia Ilikuwa Frii

Injini ililetwa kwa mkokoteni saa nne asubuhi, imefunikwa shuka toka juu hadi chini kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Nyuma ya mkokoteni alitembea mama mmoja aliyejitanda nguo nyeusi, mkono mmoja umelishika shuka lisipeperuke. Mwenye mkokoteni alikuwa na haraka. Aliiegemeza injini kwenye fremu ya mbao pale uani, akapokea ujira wake na kuondoka bila kugeuka nyuma.

Fundi Sikio alikuwa ameinamia kabureta. Walimwita Sikio kwa sababu ya mtindo wake wa kuweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini wake sikioni, akiisikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua. Aliinua kichwa ili aseme karibu, akaishia njiani. Shuka lilikuwa limeteleza upande mmoja, na alikwisha kuiona pembe ya kifuniko chekundu chenye ufa uliozibwa kwa gundi nyeusi. Gundi hiyo aliitia yeye.

“Wewe ndiye Sikio?”

“Ndiye mimi, mama. Karibu.”

“Nimeambiwa unaijua injini hii.”

“Injini za aina hii ziko nyingi, mama.”

“Hii hapa.” Yule mama aliliondoa shuka, akalikunja mara nne bila pupa, akalipakata. “Hii ndiyo iliyomuua binti yangu.”

Hakuna mtu mtaani ambaye hakuwa na habari hiyo. Wiki tatu nyuma, kule gatini, boti ya nahodha mmoja wa kuvusha abiria ilikwama pua yake kwenye matope. Mkewe aliingia majini kwa nyuma, maji yakamfika kiunoni, akashika ubao ulio kando ya injini ili aivute boti. Mumewe akavuta kamba ya kuwashia. Propela ikalidaka gauni. Mwanamke hakufika hospitali akiwa hai. Tangu siku hiyo nahodha alikuwa na sentensi moja tu: gia ilikuwa frii, yaani mkono wake uko katikati, si mbele wala si nyuma, na propela haikupaswa kuzunguka. Watu walimsikiliza kisha wakatazamana, kwa kuwa jioni iliyotangulia majirani waliwasikia mume na mke wakigombana.

“Sikuja uitengeneze,” mama alisema. “Nina swali moja. Mkono ukiwa katikati, propela inaweza kuzunguka? Jumamosi ndugu wanakaa kikao. Wajomba wanataka kuwachukua wale watoto wawili. Wanasema yule si baba tena, ni muuaji, na wameniachia mimi neno la mwisho. Nimemtazama mkwe wangu machoni sikuona kitu. Basi nimekuja kumuuliza mwenzake aliyekuwa naye siku ile.” Akaigusa injini kwa ncha za vidole.

“Leo ni Jumatano, mama. Kazi ya gia inataka muda.”

“Nina muda.”

Alivuta ndoo tupu, akaipindua, akaikalia. Fundi alidhani anapumzisha miguu. Saa tisa alikuwa bado pale, shuka magotini, anaitazama injini kama mtu anayesubiri jibu dirishani. Saa kumi kamili aliinuka, akaaga kwa heshima zote, akaenda zake.

*

Nyumba na karakana vilishirikiana ukuta mmoja. Sebuleni mke wa fundi alikuwa na cherehani yake. Chumba cha nyuma alilala mama mzazi wa fundi, kizee ambaye masikio yalikuwa yamekufa ganzi miaka mingi. Ukitaka akusikie ulikaa mbele yake ukapaza sauti, na hata hapo alikujibu jambo jingine.

Jioni ile, wakiwa mezani, kizee aliacha kutafuna.

“Nani anagonga chuma huko?”

Mwana na mkwe wakatazamana. Hawakusikia kitu.

“Hakuna mtu, mama,” fundi alipaza sauti.

“Amegonga tena. Mara moja tu. Kama anafungua kitasa.”

Fundi aliinuka akaenda uani. Injini ilikuwa palepale kwenye fremu, mkono wa gia katikati kama alivyouacha. Aliishika propela akaizungusha, ikaenda huru. Akangoja. Akaizungusha tena, safari hii ikagoma. Ilikuwa imeingia gia ya mbele, na mkono haukusogea hata unywele.

Aliporudi ndani uso ulikuwa umemsawijika. Mkewe alimfuata hadi jikoni.

“Baba watoto, kuna nini?”

“Ndani ya mguu wa injini kuna fimbo mbili,” alisema taratibu. “Moja inatoka kwenye mkono wa gia, nyingine inashuka hadi kwenye gia zenyewe. Katikati zinashikwa na bolti ndogo, urefu wa kidole cha mwisho. Bolti ikilegea, juu panasema lake na chini panafanya lake.”

“Sasa hilo ndilo jibu analolitaka yule mama. Unaogopa nini?”

“Miezi mitano iliyopita bolti ile ilikatika. Nahodha aliniletea. Nikaweka msumari.”

Mkewe alikaa juu ya dumu la maji.

“Kwa nini msumari?”

“Nilijua injini kuukuu kama ile haina tena vipuri. Nikasema kwa muda tu. Akaniuliza kama itadumu, nikacheka.”



“Sikiliza,” mke alisema mwishowe. “Jumamosi sema imechoka. Injini ya miaka thelathini, nani atabisha? Nahodha atapona, watoto watabaki kwa baba yao, na sisi tutaendelea kula. Hujasema uongo hapo.”

“Sijasema uongo,” fundi alikubali, na wazo hilo lilimpa nafuu kiasi cha kumwezesha kulala.

*

Alhamisi asubuhi alikwenda duka la vipuri. Hakutaka kueleza mengi, lakini mwenye duka alimjua.

“Ni kwa ile injini ya marehemu?” aliuliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. “Kumbe imekuja kwako. Pole. Ningekuwa mimi ningeitupa mtoni, tena nikiwa mbali.”

Watu wawili waliokuwa wamemkaribia fundi kwenye kaunta walisogea hatua moja. Mmoja alijifanya anatazama bei za mafuta.

“Nataka bolti ya fimbo ya gia,” fundi alisema. “Najua haipatikani.”

“Nani kakwambia?” Mwenye duka aliinama, akatoa kijisanduku cha bati, akachakura, akaweka kitu kidogo chenye vumbi juu ya kaunta. “Zipo hapa mwaka wa saba. Hakuna anayeziuliza.”

Fundi aliitazama ile bolti. Ilikuwa ndogo mno. Aliitia mfukoni mwa shati, na njia nzima alihisi uzito wake kama jiwe.

Alipofika nyumbani yule mama alikuwa ameshaketi kwenye ndoo. Hakuna aliyemfungulia lango. Mke wa fundi alisema alikuwa kwenye cherehani na hakumwona akipita, na njia ya uani ni ile moja tu inayopita mbele ya dirisha la cherehani.

Fundi alijaza pipa maji, akaining'iniza injini ili propela na mguu wake vizame. Aliuweka mkono katikati, akamwonyesha mama.

“Unaona? Frii.”

“Naona.”

Alivuta kamba. Injini ilikohoa, ikawaka, ikatulia. Moshi wa buluu ukapanda. Maji ya pipa yalitetemeka tu usoni, kama uji unaoanza kupata moto. Dakika moja ikapita, ikaja ya pili. Fundi alirudi nyuma hatua mbili, mikono ameiweka mgongoni, na mama hakupepesa macho.

Ndipo chuma kilipogonga, mara moja, ndani kabisa. Maji yalianza kugeuka. Polepole kwanza, kama kuna mtu chini anayekoroga kwa kijiti, kisha yakashika kasi, yakachimba shimo katikati, yakapanda ukingo na kumwagikia miguu ya yule mama. Hakuiondoa. Fundi aliruka akazima injini. Maji yaliendelea kuzunguka peke yake kwa muda, yakitoa sauti ya kulamba bati.

“Mkono uko wapi?” mama aliuliza.

“Katikati.”

“Uliugusa?”

“Sikuugusa. Umeniona.”

“Kwa hiyo mkwe wangu hakusema uongo.”

“Hakusema uongo, mama.”

Mama alishusha pumzi ndefu iliyokuwa imekaa kifuani wiki tatu. Fundi alidhani ataaga. Hakuaga.

“Kwa nini inafanya hivyo?”

“Mpaka niifungue ndiyo nijue,” fundi alijibu, huku bolti ikimchoma kifuani.

“Basi nitakuja kesho.”

*

Ijumaa fundi aliamka na jua. Alitaka mama akija saa nne akute kazi imekwisha, fimbo zimefungwa kwa bolti safi, na msumari hauko duniani.

Alianza na propela. Nati ilitoka bila taabu, lakini propela yenyewe iliganda. Aliivuta, akaigonga kwa kipande cha mbao, ikatoka ghafla na kumwangusha kitako. Nyuma yake, kwenye mhimili unaoizungusha, kulikuwa na kitu kimejizungusha mara nyingi, kimekaza, kimelowa oili. Alikifungua kwa koleo, mzunguko baada ya mzunguko. Kilikuwa kitambaa. Kilipotoka chote kilikuwa na urefu wa mkono, cha kijani chenye nukta nyeupe.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Alikiweka chini. Alikuja akachuchumaa, akakishika kile kitambaa kwa pande zote mbili, akakigeuza upande wa ndani.

“Huu ni upindo,” alisema.

“Ndiyo. Wa gauni lake.”

“Najua. Niliushona mimi.” Alipitisha kidole kwenye uzi. “Alikaa kwenye kiti kile pale dirishani. Akaniambia, dada, nishonee mara mbili, mimi naingia majini kila siku, sitaki unifumukie. Nikamshonea mara mbili. Tazama, nguo imechanika juu na chini, lakini mshono hata uzi mmoja haujakatika.”



“Ningelipua kazi kama ninavyowalipulia wengine, ungefumuka,” mke alisema, “na yeye angetoka.”

“Usiseme hivyo. Ulifanya kazi nzuri.”

“Nilifanya kazi nzuri, na wewe ulifanya mbaya, na zote mbili zilikwenda mahali pamoja.” Aliinuka na kitambaa mkononi. “Yale niliyokwambia juzi jikoni, sahau. Fanya utakavyo, ila mimi nikiulizwa sitasema imechoka.”

Aliingia ndani. Kwa muda mrefu cherehani haikusikika.

Fundi alifungua bolti za mguu, akalishusha sanduku la gia juu ya meza, fimbo ya chini ikatoka nalo. Katika kiungio msumari ulikuwa umelika pande zote, umekatika vipande viwili, vyenye kung'aa kama meno. Alivitia mfukoni. Sasa injini ilikuwa vipande: huku kichwa, kule mguu, na baina yake hewa tupu.

Dirisha la chumba cha nyuma lilifunguka. Kizee alitoa kichwa, amekunja uso.

“Mwambie aache kugonga,” alisema. “Kwa nini hachoki?”

“Imeshafunguliwa, mama. Hakuna kitu cha kugonga.”

Lakini kizee hakumsikia. Alikuwa ameinamisha shingo, anasikiliza, akihesabu kwa midomo. Fundi aliweka ncha ya bisibisi kwenye sanduku la gia na mpini sikioni. Alisikiliza mpaka jasho likamtiririka. Hakusikia chochote, ila damu yake mwenyewe.

Saa nne mama alikuja, akaketi. Fundi alikuwa na nafasi ya kusema sentensi yake. Alikuwa ameshaipanga: fimbo imechoka, mama, ndiyo hali ya vitu vya zamani. Badala yake mkono ulikwenda mfukoni wenyewe, ukaviweka vile vipande kwenye kiganja cha mama.

“Ni nini hiki?”

“Msumari.”

“Unatakiwa uwemo humo?”

“Hapana. Inatakiwa bolti.”

“Nani aliuweka?”

“Mimi.”

Mama hakushtuka. Aliviviringisha vipande kwa kidole gumba, akivilinganisha.

“Wakati unauweka, ulikuwa unawaza nini?”



“Chakula cha mchana,” fundi alisema. “Njaa ilikuwa inaniuma. Nilitaka nimalize nikale.”

Mama alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa kipimo sahihi cha kitu. Alivifunga vipande kwenye pindo la nguo yake nyeusi, akafunga fundo, akalikaza kwa meno.

“Kesho saa tatu, kikaoni. Uje uyaseme kwa mdomo wako.”

*

Sebuleni kwa nahodha hakuna aliyemsogezea kiti. Wajomba watatu walikuwa wamejaza kochi, mama mkwe kwenye kiti chake, na nahodha mwenyewe mkekani karibu na mlango, magoti ameyakumbatia kama mgeni ndani ya nyumba yake. Ndevu zilikuwa zimemwota ovyo. Fundi alisimama kwenye kizingiti, na mkewe, ambaye hakualikwa, alisimama nyuma yake na upindo umefungwa kwenye karatasi.

Alieleza yote: bolti, msumari, maji ya pipa. Alipomaliza mjomba mkubwa alicheka kwa pua.

“Amekupa nini huyu ili uje kumsafisha?”

“Hajanipa kitu.”

“Mafundi nawajua. Kwa soda moja mtaapa hata samaki anapanda mti.”

“Mzee, mtu akitaka kuhongwa huhongwa ajisafishe,” fundi alisema. “Mimi nimekuja kujichafua. Kuanzia leo nani ataniletea injini?”

Mama mkwe alifungua fundo lake, akavimwaga vile vipande mezani. Vilitoa mlio mdogo.

Ndipo nahodha alipoongea, huku macho yako mkekani.

“Anasema kweli. Lakini hajui yote.” Sauti yake ilikuwa imekwaruza kwa kutotumika. “Wiki mbili kabla ilikuwa inagonga. Naweka frii, inasogea. Mke wangu aliisikia kabla yangu. Akasema irudishe kwa fundi. Kila siku, irudishe. Ule ugomvi waliousikia majirani ulikuwa huo. Nilimwambia boti haiendi kwa fundi kila ikikohoa. Asubuhi yake akaingia majini.”

Nje mtu alikuwa anafagia, na ufagio ulisikika waziwazi, ukienda na kurudi.

“Watoto wanabaki kwao,” mama mkwe alisema.

“Dada, tafakari kwanza,” mjomba alianza.

“Nimetafakari siku tatu juu ya ndoo.” Alimgeukia fundi. “Na wewe, hiyo injini utaifunga vizuri uirudishe. Huyu hana kazi nyingine, na wale wanakula. Kuhusu sheria, mimi si hakimu.”

Jumatatu fundi alikwenda kituo cha polisi kwa miguu yake. Aliandikisha maelezo, akatia sahihi, akaambiwa aende nyumbani, ataitwa. Wiki ile hakuna mteja aliyekanyaga karakana. Aliyekuwa ameleta mota ya pampu alimtuma mtu aje kuichukua ikiwa bado imefunguliwa, vipande ndani ya gunia.

*

Jumatano alasiri aliipeleka injini gatini mwenyewe. Nahodha aliifunga nyuma ya boti bila salamu. Mama mkwe alikuwa amekaa ndani, kwenye ubao wa mbele, mkoba magotini.

“Umeweka nini?” nahodha aliuliza.

“Bolti yake. Na pini ya kuizuia isilegee.”

“Ingia majini.”

Fundi alimwelewa. Alivua viatu, akavipanga kando ya gati, akateremka. Maji yalikuwa baridi na mazito kwa tope. Hayakumruhusu kuona miguu yake. Alizunguka nyuma ya boti, akashika ule ubao kando ya injini. Propela ilikuwa mahali fulani mbele ya mapaja yake, haionekani. Nahodha aliushika mkono wa gia, akaupeleka mbele, nyuma, akaurudisha katikati. Akavuta kamba.

Injini iliwaka. Fundi alifumba macho. Mtetemo ulimpanda kwenye mifupa, maji ya kupozea injini yakambubujikia tumboni, na suruali yake ikapepea majini kama iliyopulizwa. Alingoja kuvutwa. Hakuvutwa. Nahodha aliiacha injini ingurume muda ambao hakuna aliyeupima, kisha akaizima.

“Panda.”

Fundi alipanda, meno yakimgongana. Alidhani wamemaliza. Lakini nahodha alikuwa ameshaingia majini yeye, amezunguka nyuma, amesimama mahali palepale na kushika ubao uleule.

“Washa.”

Fundi aliutazama mkono wa gia. Ulikuwa katikati. Aliupeleka mbele na nyuma, akaurudisha, akaugusa tena kuhakikisha, akaugusa mara ya tatu. Alikamata mpini wa kamba. Kazi ambayo mkono wake uliifanya maelfu ya mara haukuijua tena. Vidole vilishika lakini bega halikutaka kuvuta. Maji yalikuwa yamemfika nahodha kiunoni. Alikuwa anamtazama fundi moja kwa moja, wala hakukuwa na hasira usoni mwake, na hilo ndilo lililomtisha fundi zaidi.

“Siwezi,” fundi alisema.

“Uliifunga mwenyewe.”

“Najua. Siwezi.”

Mama mkwe hakugeuka. Alikuwa anatazama ng'ambo ya mto.

“Vuta, mwanangu,” alisema. “Saa tisa imepita. Watoto wameshatoka shule, wanangoja kuvushwa.”

Fundi alivuta. Injini ilishika mara ya kwanza. Alisikiliza kwa masikio yake yote, mkono juu ya swichi ya kuzimia, macho kwenye maji yaliyomzunguka nahodha. Yalitetemeka usoni, basi. Nahodha alisimama pale, midomo ikimcheza, akisema kitu ambacho mngurumo ulikimeza, na hakuwa anamwambia mtu aliye ndani ya boti.

Kisha alipanda, maji yakimchuruzika, akampokea fundi usukani na kukaa mahali pake. Aliisukuma gia mbele. Boti ilijibandua kwenye gati na kukata mto. Walipofika katikati waliweza kuwaona: watoto wawili, mabegi mgongoni, wameshikana mikono juu kabisa ya ukingo, wamesimama mbali sana na maji.